Kurekodi na Kutambua Kuvu za Magogo Yanayooza: Mwongozo kwa Misitu ya Usambara Mashariki

Katika msitu wa Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, gogo moja lililoanguka linaweza kubeba aina kadhaa za kuvu kwa wakati mmoja: ngumu zilizotokeza ubavuni, laini zilizochipua jana baada ya mvua, na nyeusi ambazo mpita njia hudhani ni vipande vya mkaa. Anayeanza kuzichunguza huuliza jina kwanza. Mwongozo huu unashauri rekodi itangulie na jina lifuate, kwa sababu kuvu iliyorekodiwa vizuri inaweza kupewa jina sahihi hata baada ya miaka thelathini, ilhali jina lisilo na rekodi nyuma yake haliwezi kuhakikiwa na mtu yeyote.

Mfano mzuri ni yale mabonge meusi ya mviringo ambayo, yakikatwa kwa kisu, huonyesha ndani tabaka za duara moja nje ya jingine. Kwa muda mrefu mabonge ya namna hiyo yaliyookotwa nchi za joto yaliandikwa Daldinia concentrica, jina la spishi ya Ulaya inayopenda miti ya jenasi Fraxinus. Wataalamu waliporudi kuzipima upya sampuli zilizohifadhiwa, ilionekana kwamba nyingi ni Daldinia eschscholtzii au jamaa zake wengine. Kosa hilo liliweza kusahihishwa kwa kuwa sampuli zenyewe zilikuwa bado kabatini pamoja na maelezo ya mahali zilipotoka.

Hatua ya 1: Kibali, majira na vifaa

Amani ni hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa mwaka 1997 na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo ruhusa ya kuingia hutafutwa kwa ofisi ya hifadhi, na anayekusudia kuchukua sampuli kwa ajili ya utafiti huhitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kwa upande wa Kenya kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI). Kupiga picha bila kung'oa kitu ni jambo jepesi zaidi, na mtu anaweza kujifunza mengi kwa picha peke yake kabla ya kuingia kwenye habari ya sampuli.

Kuvu laini hutokeza siku chache baada ya mvua kukolea, wakati wa masika kati ya Machi na Mei na tena wakati wa vuli kati ya Oktoba na Desemba. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hivyo hata miezi ya katikati haikosi kitu. Kuvu ngumu za ubavuni huonekana mwaka mzima. Vifaa vya lazima ni vichache: daftari na penseli (wino wa kalamu huchuruzika kwa unyevu), rula yenye milimita, kisu kigumu, lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, mifuko ya karatasi, kisanduku chenye vyumba kwa ajili ya kuvu ndogo, na simu yenye kamera na GPS. Mfuko wa plastiki usitumiwe kubebea kuvu mbichi, kwa maana huifanya itoe jasho na kuoza kabla hujafika nyumbani.

Jambo la usalama: chini ya magogo hukaa nyoka, nge na siafu. Gogo hugeuzwa kwa kulivuta upande wako ili kiumbe kilichomo kipate njia ya kukimbilia ng'ambo, na baada ya kazi hurudishwa lilivyokuwa, kwani upande wa chini una unyevu ambao viumbe wengine wanautegemea.

Hatua ya 2: Soma gogo kabla ya kuvu

Hapa ndipo rekodi nyingi zinapokosa uzito. Kuvu inayoonekana ni sehemu ndogo tu ya kiumbe. Sehemu kubwa ni nyuzi nyembamba zilizopenya ndani ya mti, na huko ndiko zinakokula. Kwa hiyo mti wenyewe ni sehemu ya sampuli, na maelezo yake yanastahili nafasi ileile inayopewa rangi ya kofia.

Andika kwanza kama ni mti uliosimama, kisiki, gogo lililolala, tawi au kijiti, kisha kipenyo chake kwa sentimita. Tafuta mti huo ulikuwa wa aina gani. Magome yaliyobaki, majani yaliyoanguka karibu na harufu ya mbao husaidia, lakini msaada mkubwa zaidi ni wa walinzi wa msitu na wazee wa vijiji jirani, ambao huutambua mti wa mtambara au mvule hata ukiwa umebaki nusu. Andika jina la kienyeji kama walivyolitamka na lugha iliyotumika. Ikiwa hakuna anayeujua, andika kwamba ni mti wa majani mapana usiotambuliwa. Kubahatisha jina la mti ni kosa linalosafiri mbali, kwa sababu wengine watalinukuu kama ushahidi kwamba kuvu fulani hukaa kwenye mti fulani.

Kisha pima uozo kwa kisu. Wataalamu wa misitu hutumia ngazi tano: katika ya kwanza magome bado yameshika na ncha ya kisu huingia milimita chache tu, katika ya tatu magome yameanza kudondoka na kisu huzama sentimita kadhaa, katika ya tano gogo limepoteza umbo na hubomoka kwa vidole. Ngazi ya pili na ya nne ziko katikati, na hakuna haja ya kuumiza kichwa juu ya mipaka yake, mradi utumie kipimo kilekile kila mara.

Mwisho, bandua kipande na utazame rangi na umbo la mbao iliyooza. Mbao iliyopauka, yenye nyuzinyuzi na inayobonyea kama sifongo inaonyesha uozo mweupe, ambapo kuvu huvunja lignini, kitu kinachoipa mbao ugumu, pamoja na selulosi, kitu kinachojenga nyuzi zake. Mbao ya kahawia iliyopasukapasuka katika vipande vya mraba na kugeuka unga ukiifikicha inaonyesha uozo wa kahawia, ambapo selulosi imeliwa na lignini imeachwa. Katika misitu ya asili ya nchi za joto uozo mweupe ndio unaotawala, na ule wa kahawia huhusishwa zaidi na miti ya jamii ya misonobari. Ukiukuta uozo wa kahawia katikati ya msitu wa majani mapana, uandike kwa makini: peke yake unapunguza sana orodha ya majina yanayowezekana.

Hatua ya 3: Picha kabla ya kugusa

Picha ya kwanza iwe ya namba ya sampuli iliyoandikwa kwenye karatasi, ili baadaye usichanganye picha za kuvu mbili. Inayofuata ionyeshe kuvu ikiwa mahali pake pamoja na gogo, na rula pembeni. Baada ya hapo piga sehemu ya juu, sehemu ya chini, mahali inaposhikana na mti, na mkato wa wima unaoonyesha unene wa nyama yake. Nikilazimishwa kuchagua picha moja tu ningechagua ile ya chini, kwa kuwa huko ndiko spora, yaani chembe ndogo kama vumbi ambazo kuvu huzaliana kwazo, zinakotengenezwa na ndiko makundi makubwa yanakoachana, lakini picha nyingi ninazoonyeshwa ni za juu tu, tena nzuri kwelikweli na zisizo na faida. Epuka taa ya kamera, kwani huvuruga rangi. Kivuli cha mwavuli na karatasi nyeupe ya kuakisi mwanga vinatosha.

Hatua ya 4: Andika yale yatakayopotea

Sampuli ikikauka hupoteza rangi, harufu, unyevunyevu na mara nyingi umbo. Kile ambacho hakikuandikwa siku ileile hakitapatikana tena kabatini. Andika rangi ya kila sehemu kwa maneno ya wazi na useme kama kuvu ilikuwa imelowa au kavu. Andika kama rangi inabadilika ukiikwaruza au kuikata, na baada ya muda gani. Andika harufu, iwe ya unga, ya samaki, ya figili au hakuna kabisa. Pima kofia, kikonyo na unene. Kwa kuvu zenye vitundu chini, weka rula juu ya vitundu, tazama kwa lenzi, na uhesabu vingapi vinaingia katika milimita moja, ukirudia mahali patatu tofauti.

Tuchukue mfano wa kuvu ambayo mgeni wa Amani ataikuta mapema, Microporus xanthopus. Inaota kwenye matawi yaliyoanguka, kofia yake ni nyembamba na imebonyea katikati, yenye mizingo ya kahawia nyeusi na kahawia nyekundu inayopakana, na ukingo uliopauka. Kikonyo ni chembamba, cha njano, na chini kimetanuka kuwa kisahani kidogo kilichobana gome. Geuza kofia: kwa macho matupu upande wa chini unaonekana laini kabisa, na mwandishi mwenye haraka ataandika kwamba hauna vitundu. Kwa lenzi vitundu vinajitokeza, vidogo mno, nane hadi kumi kwa milimita. Maelezo mafupi yenye kikonyo cha njano, kisahani cha chini na hesabu ya vitundu yatamwezesha mtaalamu aliye mbali kukubaliana nawe bila kuiona sampuli.

Kila sampuli ipewe namba moja isiyorudiwa. Namba moja ihusu kuvu zilizoota pamoja kwenye gogo moja na zinazofanana kwa hakika. Zilizo upande wa pili wa gogo, hata kama zinafanana, zipewe namba yake. Andika pia tarehe, mahali, latitudo na longitudo, mwinuko kutoka usawa wa bahari, na jina la aliyekusanya.

Hatua ya 5: Chapa ya spora

Rangi ya spora zikiwa nyingi pamoja ni miongoni mwa alama bora za kutenganisha kuvu zenye kofia na matamvua, yaani vile vipande vyembamba vilivyosimama kwa safu chini ya kofia. Kata kikonyo, ilaze kofia matamvua yakitazama chini juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu nyeusi, funika kwa bilauri ili upepo usiingie, na uache usiku mzima. Ikiwa kofia imeanza kukauka, tone moja la maji juu yake litaisaidia. Rangi isomwe kwa mwanga wa mchana.

Spora nyeupe zinaelekeza kwa Pleurotus, ambamo umo uyoga wa mamama unaolimwa, kwa Lentinus, Mycena au Marasmius. Waridi iliyofifia kwenye kuvu inayoota juu ya mti huelekeza kwa Pluteus. Kahawia huelekeza kwa Crepidotus isiyo na kikonyo cha kueleweka, au kwa Gymnopilus ikiwa rangi ni ya kutu. Nyeusi huelekeza kwa Coprinellus na jamaa zake. Ganoderma haihitaji karatasi: unga wake wa kahawia hutanda juu ya kofia zake na majani ya jirani. Hifadhi chapa kwa kuikunja ndani ya karatasi iliyoandikwa namba ya sampuli, kwani spora hizo ndizo zitakazopimwa vizuri kwa hadubini, zikiwa zimekomaa.

Hatua ya 6: Kukausha bila kuchelewa

Kuvu laini ikaushwe siku ileile. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 40 na 45 za Selsiasi pamoja na hewa inayopita. Joto likizidi sana kuvu huiva badala ya kukauka, na sampuli iliyoiva haina faida kwa hadubini wala kwa uchunguzi wa vinasaba. Moshi wa jikoni ni adui, ingawa jiko lenyewe linavutia kwa joto lake la bure. Kuvu nene ya ubavuni ikatwe vipande vinavyofika kutoka juu hadi chini, la sivyo katikati hubaki na unyevu na huota ukungu. Ikikauka kiasi cha kuvunjika kwa sauti, iingizwe ndani ya mfuko unaofungika pamoja na chembe za silika jeli zinazofyonza unyevu, kisha igandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au zaidi ili kuua mabuu ya wadudu.

Kama kuna uwezekano wa kupima vinasaba baadaye, kabla ya kukausha chukua kipande chenye ukubwa wa punje ya mchele kutoka ndani ya nyama safi, ukiweke kwenye kichupa chenye silika jeli na namba ileile.

Hatua ya 7: Iweke kuvu kwenye kundi

Kabla ya kutafuta spishi, jibu swali la sehemu ya chini. Yenye matamvua ina njia yake. Katika hiyo, Schizophyllum commune hutambulika mara moja kwa matamvua yake yanayoonekana kupasuliwa katikati kwa urefu, nayo iko karibu kila mahali, hadi kwenye kuni zilizopangwa nyuma ya nyumba. Yenye vitundu ina njia nyingine, ambayo ni ndefu zaidi. Ya rangi ya machungwa iliyokoza au nyekundu, nyembamba na ngumu, ni Trametes sanguinea, ambayo maandishi ya zamani huiita Pycnoporus sanguineus. Yenye vitundu vikubwa vya pembe sita vinavyoonekana bila lenzi huenda ni Hexagonia, na yenye ganda linalong'aa kana kwamba limepakwa vanishi hutazamwa kwanza ndani ya Ganoderma.

Zipo pia zisizo na matamvua wala vitundu. Auricularia ni ya utelezi, ina umbo la sikio na vinyweleo upande wa nje, na ikikauka hurudi ilivyokuwa ikilowekwa. Cookeina ni vikombe vya waridi au machungwa kwenye vijiti vyenye unyevu. Xylaria husimama kama vidole vyeusi vyenye ndani nyeupe na ngumu. Mabonge ya Daldinia tumeshayataja.

Mtego mmoja usisahauliwe. Kwenye magogo yaleyale huota vitu vinavyofanana na kuvu na si kuvu: viumbe utelezi, kama Lycogala epidendrum yenye vitufe vya waridi vinavyotoa ute vikibonyezwa, au Stemonitis yenye vinywele vya kahawia vilivyojipanga wima. Vinastahili kurekodiwa, lakini kwenye orodha yake, kwa kuwa havihusiani na kuvu kwa asili.

Hatua ya 8: Kemikali na hadubini

Tone la haidroksidi ya potasiamu ya asilimia 3 hadi 10 juu ya nyama ya kuvu hutoa jibu la haraka. Kuvu za kahawia za familia ya Phellinus na Hymenochaete hugeuka nyeusi papo hapo. Mtu aliyeshika kipande kigumu cha kahawia akiwa hajui kama ni Phellinus asipuuze jaribio hili la senti chache. Vaa glovu, kwani kemikali hiyo huunguza ngozi na macho.

Kwa hadubini, kata kipande chembamba sana cha matamvua au vitundu, ukiloweshe kwa kemikali hiyohiyo ili tishu iliyokauka ijae tena, na ukuze mara 1,000 kwa lenzi ya kutumia na mafuta. Pima angalau spora 20 zilizokomaa, urefu na upana, na uandike kiwango kizima kwa mikromita, si wastani peke yake. Spora za Ganoderma zina ukuta wa tabaka mbili na ncha moja iliyokatwa butu, alama ambayo ukishaiona hutaichanganya na nyingine. Kimiminika cha Melzer, ambacho kina iodini, huzigeuza spora za Mycena nyingi kuwa za buluu au kijivu, ilhali za Marasmius hazibadiliki. Kwa kuvu ngumu, angalia pia nyuzi: kama zina vifundo vya kuunganisha seli, na kama zimechanganyika za kuta nyembamba na za kuta nene. Kazi hii ni ya subira, na anayeanza afanye mazoezi kwa Schizophyllum au mamama kabla ya kugusa sampuli asizoweza kupata tena.

Hatua ya 9: Jina

Sasa ndipo funguo za utambuzi, yaani maswali yaliyopangwa yanayokufikisha kwenye jina, zinapofunguliwa. Kwa kuvu zenye matamvua za Afrika Mashariki, kazi ya David Pegler ya mwaka 1977 bado ndiyo msingi. Kwa zenye vitundu, ni ile ya Leif Ryvarden na Inger Johansen ya mwaka 1980. Majina mengi yaliyomo yamebadilika, kwa hiyo kila jina likaguliwe kwenye Index Fungorum au MycoBank, hazina za mtandaoni za majina ya kuvu. Vitabu vya Ulaya vitumiwe kwa tahadhari: vitakupa jina la Ulaya hata pale ambapo kuvu ya Usambara ni nyingine, na Ganoderma lucidum ni mwathirika mkubwa wa tabia hiyo. Programu za simu zinazotambua kwa picha zina udhaifu uleule, ingawa kuweka picha zako kwenye iNaturalist, tovuti ya kushirikiana picha za viumbe, pamoja na maelezo ya gogo huwavuta wataalamu wanaoweza kukusahihisha.

Vinasaba husaidia pia. Mwaka 2012 eneo la vinasaba liitwalo ITS lilipendekezwa kuwa kitambulisho cha jumla cha kuvu, lakini katika baadhi ya jenasi halitenganishi spishi zilizo karibu, na hazina za mfuatano wa vinasaba zimejaa majina yaliyobandikwa kimakosa. Mfuatano usio na sampuli iliyohifadhiwa una upungufu uleule wa jina lisilo na rekodi.

Simama pale ushahidi unapokomea. Kuandika "Ganoderma sp." ni jibu kamili la kisayansi, na ni bora mara nyingi kuliko spishi iliyochaguliwa kwa kufanana na picha. Aidha, hakuna hatua hata moja ya mwongozo huu inayotoa ruhusa ya kula: katika Galerina, jenasi ya kuvu ndogo za kahawia ambazo baadhi yake huota juu ya magogo, kuna spishi zenye sumu ileile inayoharibu ini iliyomo katika Amanita phalloides.

Sampuli iliyokamilika ipelekwe mahali pa kudumu. Hebaria, yaani hifadhi ya sampuli zilizokaushwa, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mojawapo; nyingine ni Hebaria ya Afrika Mashariki, ambayo ilianzia hapohapo Amani mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Lebo ibebe namba, jina kwa kiwango ulichofikia, mti na ngazi ya uozo, mahali, mwinuko, tarehe, mkusanyaji na jina la aliyetambua. Mtu mwingine akija kutoa jina tofauti, huandika karatasi yake yenye jina jipya, tarehe na sahihi, na kuibandika kando ya lebo ya kwanza, ambayo haiondolewi wala haifutwi.